Kijiti cha Mpera na Jiko la Mama Kapinga

Vijana wa Kapata, juzi mlinicheka, na mi sikukasirika. Mzee mzima, suruali imefungwa kwa kamba, anatembea polepole kwenye parseli, kiwanja cha jirani, ameshika mbele ya tumbo kijiti chenye pembe mbili, macho chini. Hata mi ningecheka. Mmoja wenu aliniuliza kama natafuta mtandao. Hilo nililipenda, nililirudia nyumbani, na mke wangu alicheka hadi akakohoa.

Lakini baada ya kucheka mliuliza swali la pili: "Tata, hii uchawi ulipata wapi?" Basi kaeni vizuri, maana swali hilo si la kujibiwa nikiwa nimesimama juani. Kwanza kabisa, hakuna uchawi. Kijiti hiki hakikutoka kwa babu zangu wala kwa babu zenu. Kilitoka Ulaya, kwa mapadri wenye ndevu, pamoja na katekisimu na mbegu za kabichi. Mkitaka kumwogopa mtu, mwogopeni padri.

Kazi yangu ilikuwa kuchimba visima vya maji. Wenzangu wengi tuliotoka nao kaskazini, kule Kongolo, waliingia mgodini, wakapata nyumba na posho na kofia ngumu ya kichwani. Mi nilifika nimechelewa. Wakaniambia mgodi umejaa, ila kuna ekipe ya maji, kikosi cha wachimbaji, inatafuta mtu mwenye mgongo. Mgongo nilikuwa nao. Wabelgiji ndio bado walikuwa wakitawala, na neno uhuru watu walilisema chinichini wakiwa wamekunywa. Mi nilikuwa kijana kama ninyi, nikiwaza chakula cha jioni tu.

Mkubwa wa ekipe alikuwa Mbelgiji tuliyemwita Bwana Polepole, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza, na alilitumia kwa kila jambo. Lori letu, ile kamio, likienda mbio, polepole. Chai ikiwa ya moto, polepole. Siku moja mwenzetu alimwambia kwamba mke wake amezaa mapacha, akamjibu polepole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mjomba padri kwao, ambaye alitafuta maji kwa saa ya mfukoni iliyoning'inizwa kwenye mnyororo, kwa hiyo kijiti hakikumshangaza.

Aliyeshika kijiti alikuwa Tata Kabeya, mtu wa Kasai, mrefu, mwembamba, na kofia ya kitambaa ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Zamani kwao alikuwa mtunza bustani wa padri mmoja, na padri huyo ndiye aliyemfundisha. Padri alipozeeka mikono ikaanza kutetemeka, kijiti kikawa kinainama kila mahali, hata mbele ya altare, basi akaona aibu akamwachia Kabeya kazi yote. Hivyo ndivyo uchawi wenu ulivyoingia Kongo.

Watu walimwogopa sana Kabeya. Akipita sokoni, akina mama walifunika nyuso za watoto. Mwenyewe hilo alilipenda kuliko mshahara. "Kasongo," aliniambia, "mutu banamuogopa, habamubebeshe muzigo." Na kweli, katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikumwona amebeba kitu kizito kuliko kijiti chake.

Mkitaka kujaribu, jaribuni vizuri. Kata tawi la mpera lililogawanyika mara mbili, bichi, lisilozidi unene wa kidole. Shika ncha mbili, viganja vikitazama juu, viwiko karibu na mbavu. Vuta ncha huku na huku mpaka kijiti kikaze, halafu tembea, na usitembee kama askari. Kikiinama, simama. Mikononi mwa Kabeya kiliinama kwa nguvu hadi gome likachubuka. Mikononi mwangu, siku zile, hakikufanya lolote. Nilitoa jasho tu, na wenzangu wakaniambia hayo nayo ni maji.

Je, kijiti kinajua? Mi sina jibu, na nimeishi nacho maisha yote. Enjenia mmoja kijana aliwahi kuniambia kwamba katika nchi yetu hii, mtu akichimba bila kukata tamaa, mara nyingi atafika kwenye maji, na kijiti kinampa tu moyo wa kuendelea. Inawezekana. Lakini ukiwa chini ya shimo, mawe mbele, mawe nyuma, moyo wa kuendelea si kitu kidogo.

Tena Kabeya hakuwa mjinga wa kutazama kijiti peke yake. Kabla hajakata tawi alitazama vichuguu, kwa sababu mchwa hawajengi nyumba kubwa mbali na unyevu. Alitafuta miti ya musafwa, ambayo haivumilii kiu. Kiangazi kikikolea, majani yote yameungua, aliuliza wenyeji swali moja: nini bado kijani hapa? Ninyi pia ulizeni hivyo kabla hamjaita mtu wa mashine. Na mkichimba kwa mikono, chimbeni duara, maana shimo la pembe nne huangusha kuta zake. Asubuhi shusha kwanza mshumaa ndani ya ndoo. Ukizimika, hewa ya chini imeharibika. Usishuke, hata mkubwa akikuita mwoga. Mwoga hula chakula cha jioni.

Msidhani hatukukosea. Kuna siku tulitumwa kutafuta maji ya bustani kwenye mtaa wa wazungu. Kijiti kilivuta kwa nguvu ambayo hatukuwahi kuiona, Kabeya akageuza macho kwa furaha, nasi tukachimba kwa wimbo. Hatukufika hata kiunoni. Sururu ya mwenzangu ikatoboa bomba, maji yakaruka juu kupita paa, na mzungu mmoja akatoka nje na taulo, kichwa kizima povu la sabuni, akiuliza nani kamfungia maji. Bwana Polepole alimtazama, akatutazama sisi, akasema neno lake. Kabeya hakukubali kamwe kwamba lile lilikuwa kosa. "Nilisema maji iko," alisema, "na maji iko."

Sasa niwaeleze kisima ambacho bado nakiota.

Kando ya barabara ya Dilolo kulikuwa na kijiji kidogo kilichoitwa Tupumzike. Walikaa hapo wastaafu na wajane, wengi wao watu wa Kasai walioletwa wakiwa vijana kufanya kazi ya mgodi. Siku zile ukiacha kazi, au mumeo akifa, nyumba ilipewa mfanyakazi mwingine. Basi hao wazee wakajijengea vibanda vyao pale, wakalima mihogo na viazi, wakaanza kugombana kuhusu kuku kama watu wa kijiji cha kweli. Walikuwa na chemchemi bondeni. Kila kiangazi ikapungua, mpaka mwaka mmoja ikabaki tope la nguruwe.

Mkubwa wa teritware, yaani wilaya, akapeleka neno: mahali pasipo maji hapakaliki na watu. Ekipe ya maji ijaribu. Ikishindikana kabla mvua hazijaanza, wazee wote wapandishwe treni warudi Kasai, na vibanda vivunjwe. Alisema ni kwa faida yao. Labda aliamini hivyo.

Mama Kapinga hakutaka hata kusikia neno treni. Alikuwa mjane, mfupi, mnene, na sauti iliyofika mahali kabla yake. Mume wake alizikwa nyuma ya kijiji. Binti yake wa pekee, Ngalula, alikaa mjini na watoto wake, na wajukuu hao walikuja kwa bibi kila Jumapili baada ya misa. Kule Kasai alikuwa amebaki na shangazi mmoja ambaye hakujua kama bado yuko hai. "Banitume kwa nani?" aliuliza watu. "Nishuke treni mu gare, niseme jambo kwa nani?"

Na huyo Ngalula, mume wake alikuwa nani? Tata Kabeya wetu.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu ninyi leo mnakaa na mama mkwe kwenye kiti kimoja, mnatazama televisheni, mnamwambia apitishe chumvi. Kwa Kabeya ilikuwa vingine. Kwao mwanaume hakutani uso kwa uso na mama wa mke wake. Akimwona njiani anaacha njia. Haingii lupango yake, yaani ule uwanja wenye uzio unaozunguka nyumba. Hali wala hanywi mbele yake. Hamtaji jina, na yeye hatajwi jina. Wakiwa na neno la kuambiana wanamtuma mtu wa katikati. Si chuki hiyo, ni heshima, na kwetu kaskazini pia ipo, ila sisi tunaifanya kwa kiasi. Kabeya aliifanya kwa nguvu zote. Siku moja tuko ndani ya kamio, akamwona mama mkwe kwa mbali amebeba kuni. Aliruka kutoka kwenye kamio ikiwa inatembea, akapotelea kwenye mihogo. Bwana Polepole alidhani ameona nyoka, akajifungia vioo.

Tulipofika Tupumzike, Kabeya alikata tawi lake, akaanza kutembea kutoka barabarani. Kijiji kizima kilimfuata kwa mbali. Kijiti kikainama kidogo karibu na njia, kikainama zaidi mbele, kikawa kinamvuta moja kwa moja hadi kwenye uzio wa Mama Kapinga. Pale Kabeya akakohoa, akageuka kushoto, akatembea kidogo, akaweka kisigino chini. "Njo hapa," akasema, yaani ndio hapa.

Tukachimba. Tukakuta jiwe jeusi, gumu, sururu zikawa zinatoa cheche na mikono inakufa ganzi. Hakuna hata unyevu. Wazee walikuja kila siku kuchungulia, na mama mmoja akatuuliza, "Munatafuta maji ao munatafuta Ulaya?" Tuliliacha shimo hilo.

Mara ya pili Kabeya alianza tena barabarani. Kijiti kikamvuta tena, njia ileile, hadi uzio uleule. Akakohoa. Safari hii aligeuka kulia. Tukachimba huko hadi kamba yetu ikaisha, udongo ukawa unatoka mkavu kama unga wa bukari, ule ugali wetu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika mchana na kutawanyika jioni. Bwana Polepole akatuita, akasema bila furaha: shimo moja tena tu. Likikauka, atamwambia mkubwa wa teritware ukweli, na treni itaitwa.

Mi nilikuwa nimeona mambo ya uzio. Mchana tukila bukari na samaki wadogo chini ya kamio, nikamsogelea Kabeya.

"Tata, juu ya nini kila mara unageuka pa lupango ya mama mukwe?"

"Sigeuke. Njo kijiti kinageuka."

"Na kijiti njo kinakohoa?"

Aliacha kula. Alifuta vidole kwenye majani, kimoja kimoja, na niliona macho yake yamejaa.

"Kasongo, maji iko mule. Ku jiko yake. Kijiti kinanivuta mpaka mifupa inauma. Lakini mi siwezi kuingia. Mutu anaingia namna gani ku jiko ya mama mukwe, tena na kijiti, tena kusema bavunje? Heri banifukuze ku kazi."

"Basi utuonyeshe mahali kwa kidole. Siye tutachimba bila weye."

"Kwa kidole najua upande tu. Mahali penyewe sijue mpaka nipite pa juu. Ukikosea kidogo, unapiga lile jiwe ya kwanza."

"Na kama hatupate maji, yeye banamupandisha treni."

"Najua," alisema. "Kila usiku Ngalula ananiambia. Silale."

Nilimhurumia na nilitaka kumpiga, vyote pamoja. Mtu anashika maisha ya mama huyo mikononi mwake, na heshima yake kwa mama huyohuyo ndiyo inamfunga miguu. Nikafuta mdomo, nikaenda mwenyewe kwa Mama Kapinga.

Nilimkuta anamenya mihogo.

"Jambo, Mama."

"Jambo, mutoto ya mashimo makavu."

"Mama, niko na neno moja nzito."

"Sema. Hata treni iko nzito, na inatembea."

Nikamweleza yote, nikitazama miguu yangu. Aliendelea kumenya. Kisha akageuka akatazama jiko lake. Lilikuwa kibanda cha miti na majani, moshi umekipaka weusi ndani, mafiga matatu katikati. Nyuma yake migomba ilikuwa imestawi vizuri kuliko ya mtu yeyote pale, jambo ambalo sisi mabingwa wa maji tulikuwa tumelipita kila siku. Mume wake ndiye aliyejenga jiko hilo alipoacha mgodi. Alikuwa ameishi maisha yote kwenye nyumba za watu wengine, na hicho ndicho kitu pekee alichosimamisha kwa mikono yake kikawa chake. Alifariki kabla majani ya paa hayajabadilika rangi.

"Mukwe wangu anajua toka lini?" aliniuliza.

"Toka siku ya kwanza, Mama."

Mama Kapinga akaanza kucheka. Alicheka hadi kisu kikaanguka.

"Ule mwanaume iko na heshima mingi," alisema. "Ataniua na heshima yake."

Halafu akaokota kisu, akakifuta kwenye kitenge.

"Lupango ni nini, Kasongo?"

"Ni uzio, Mama. Na nyumba, na jiko."

"Na kama uzio haiko? Na kama jiko haiko, na mwenye nyumba amehama?"

"Basi itakuwa pori."

"Mu pori kila mutu anapita," alisema Mama Kapinga, akarudi kwenye mihogo yake.

Kesho yake asubuhi tulikuta akina mama wa Tupumzike wameinama wanang'oa uzio, wakiimba nyimbo za kanisa, Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, kila upande ukijaribu kuushinda mwingine. Mama Kapinga alikuwa ameshahamishia mkeka na masufuria yake kwa jirani. Majani ya paa aliacha wengine washushe. Miti ya jiko hakuruhusu mtu aiguse. Aliing'oa mwenyewe, mti kwa mti, akilia kwa sauti, akimwita mume wake, akimweleza kwa nini anafanya hivyo. Hakuna aliyejaribu kumnyamazisha. Mti wa mwisho ulipotoka alijifuta uso, akamkaripia mama mmoja aliyetaka kuichukua miti iwe kuni, kisha akabeba mafiga yake akayapeleka kwa jirani. Akaenda kukaa ng'ambo ya barabara, mgongo kwetu, kitenge juu ya kichwa.

"Ambia mukwe wangu," alinipigia kelele kutoka kule, "hapa ni pori. Apite."

Kabeya alikuwa amesimama nyuma yangu na alisikia kila neno, lakini mambo yana utaratibu wake. Nikageuka.

"Mama mukwe anasema hapa ni pori. Upite."

"Umuambie nimesikia."

Nikapiga kelele kwamba amesikia. Bwana Polepole alitutazama mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza hakusema neno lake.

Kabeya alivua viatu. Halafu akavua kofia, nikaona kichwa chake kwa mara ya kwanza, kina upara mdogo katikati. Alipita pale palipokuwa na uzio, kijiti mbele. Hakukohoa. Kijiti kilimvuta hadi kwenye majivu ya mafiga, yaliyokuwa bado na uvuguvugu, kikapinda chini hadi ncha moja ikavunjika mkononi mwake.

"Njo hapa," alisema, na sauti ilikuwa ndogo.

Tulichimba majivu, tukachimba udongo mwekundu, tukafika kwenye jiwe. Wenzangu wakatazamana. Nilimwona Mama Kapinga kutoka mbali, bado ametugeuzia mgongo, lakini mgongo wenyewe ulikuwa unasikiliza. Jiwe hilo tulilipiga siku nyingi kuliko nilivyotaka kukumbuka. Kila jioni mawingu yalishuka zaidi. Kabeya hakutaka mtu mwingine avute kamba ya mchimbaji. Alijifunga kitambaa viganjani, akakaa mdomoni mwa shimo, na mi nikawa ndiye ninayeshuka, kamba kiunoni. Katika kazi yetu aliyeshika kamba ya mtu haiachii kwa jambo lolote, hata nyuki wakija.

Siku moja jiwe likapasuka, chini yake kukawa na udongo wa manjano. Nilichukua donge nikaliweka shavuni. Hivyo ndivyo wachimbaji wanavyopima, kwa sababu mkono uliochoka unadanganya, lakini shavu halidanganyi. Lilikuwa baridi. Nikachimba kidogo tena, na ubavuni mwa shimo, karibu na goti langu, nikaona ukuta unatoa jasho. Kisha ukatoa mchirizi. Kisha nikasikia sauti yake, na nikalia mle ndani kama mtoto, nikinywa tope kwa viganja.

Kichwa cha Bwana Polepole kikaonekana juu.

"Kasongo, ni maji ao ni jasho yako?"

"Ni maji, Bwana. Yanaingia mbio."

Nikasikia anawageukia watu na Kiswahili chake kilichovunjika. "Treni itaenda bila ninyi." Kelele za akina mama zilishuka mle shimoni hadi masikio yakaniuma. Ndoo ikashuka, nikaijaza, ikapanda. Ilikuwa bado na tope, lakini hakuna aliyejali.

Sikuona yaliyofuata. Niliyasikia, na mengine niliyapata kwa ile kamba kiunoni mwangu. Maji ya kwanza ni ya mwenye mahali, kwa hiyo walikuwa wamemwita Mama Kapinga avuke barabara. Nilisikia watu wanampisha. Nilisikia hatua zake zinakuja karibu, nzito, hazina haraka, na kamba ikaanza kutikisika. Kabeya alitaka kukimbia. Mihogo ilikuwa palepale, na miguu yake ilijua njia. Lakini alikuwa amenishika mi, na maji yalikuwa yananifika magotini.

Nilisikia kikombe kinachota kwenye ndoo. Nikangoja Mama Kapinga apige kelele mle shimoni, aseme, ambia mukwe wangu.

"Kabeya," alisema.

Hakuna mtu aliyekohoa.

"Kabeya, mwana wangu. Kunywa."

Kamba ilitetemeka kwa muda mrefu, kidogo kidogo, kama anavyotetemeka mtu anayelia bila sauti. Haikulegea hata mara moja. Kisha nilisikia mtu anakunywa, akimeza kwa shida, na mama yule akimwambia kwa upole anywe yote. Maji yalinipita magoti, baridi sana, yakaanza kupanda mapajani. Juu kule hakuna aliyekumbuka kwamba niko chini, na mi sikuita.